JUMATANO: Kukumbuka Bila Chuki

Soma Zaburi 137, Yeremia 28:1–4, 29:4–14. Mateka wa Yuda waliikumbukaje nchi yao, na Mungu aliwataka waishije ugenini?

Nebukadreza aliwachukua watu wa Yuda kwa awamu, hata Yerusalemu na hekalu vikateketezwa mwaka 586 K.K. Huko Babeli walilia. Mungu hakuwakemea kwa machozi yao. Aliyahifadhi ndani ya Biblia. Hata hasira kali inayofunga Zaburi 137 haikufichwa. Lakini angalia inapelekwa wapi: mtunzi hashiki upanga, anamwambia Bwana. Kisasi amekiacha mikononi mwa Hakimu wa haki (Warumi 12:19).

Nabii wa uongo Hanania aliahidi kwamba mateka wangerudi ndani ya miaka miwili. Yeremia aliwaandikia habari ngumu zaidi: miaka 70. Basi wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Aliyefunga mizigo akingoja safari ya kesho hapandi mwembe.

Jambo hili lina mfano wa karibu. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi, ambayo wengi wa waliouawa walikuwa Wahutu, yaliwafanya maelfu wakimbilie Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Leo yako Katavi, lakini kabla ya mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa. Mtafiti Liisa Malkki, aliyefika miaka ya 1985 na 1986, aliona kwamba huko Mishamo habari za 1972 zilisimuliwa tena na tena. Mjini Kigoma, wengi waliotoka Burundi hawakutaka hata kujulikana kuwa wakimbizi. Wengine walishika kumbukumbu, wengine waliifunika. Wakati huohuo misitu ikawa mashamba, na watoto wakazaliwa. Serikali ilipowapa nafasi ya kuchagua, wengi walichagua uraia. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti walivisubiri hadi mwaka 2014.

Mzazi aliyeona nduguze wakiuawa atamwambia nini mtoto wake? Akinyamaza, mtoto atakosa kujua alikotoka. Akisimulia ili mtoto achukie, mauaji yatakuwa yamevuka mpaka pamoja naye. Kumbukumbu la Torati 10:19 inaonyesha njia nyingine: Israeli walipaswa kukumbuka Misri ili wampende mgeni. Mungu anataka jeraha la jana limfundishe mtu kumfungulia mwenzake mlango leo.

Katika bonde la Ziwa Rukwa, pamoja na Muze, wenyeji huishi na wafugaji waliohamia kutoka Usukuma. Malisho na mashamba yanaweza kuleta ugomvi. Hapo ndipo somo hili linapimwa, kabla ya kufika Babeli. Na yeyote aliyepoteza kwao akumbuke Waebrania 11:13–16: Mungu amewaandalia watu wake mji, wala hakuna atakayefukuzwa humo.

Maswali ya kujadili:
1. Ni habari gani ya maumivu inayosimuliwa katika familia yako? Inazaa nini mioyoni mwa watoto?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe na kusahau?
3. Ni mgeni gani kijijini kwenu ambaye kundi lenu litamtembelea kabla ya Sabato ijayo?