Je, Mlima Unahubiri?

Tunapopanda kutoka barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu hadi ukingo wa Ziwa Ngosi, safari hutuchukua nusu siku, kwenda na kurudi. Njia hupita msituni, penye mianzi na utelezi, na karibu na kilele hutubidi kushika mizizi. Ndipo ziwa huonekana, kama mita 200 chini yetu, ndani ya shimo la volkano ya kale, wala hakuna mto unaotoka humo. Mawingu yakiruhusu, twauona na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000. Hapo wengi wetu husema, "Hakika Mungu ni mkuu."

Lakini tujiulize: je, mlima unaweza kutuhubiria Injili?

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anaeleza kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote, na kwa hayo yote tunapaswa kumshukuru. Kwa hiyo furaha yetu pale ukingoni si uvivu wala anasa. Anayetazama uzuri ule asishukuru ni kama mgeni aliyekula akashiba, akaondoka bila kumuaga mwenyeji.

Hata hivyo, Luther huyo huyo, kule Heidelberg mwaka 1518, aliwaonya wanaodhani watamjua Mungu kwa kutazama tu vitu vinavyoonekana. Alifundisha kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Ngosi yenyewe inatusaidia kuelewa. Shimo lile tunalolisifu lilitokana na nguvu za volkano, na kama tungekuwapo siku zile, zingetuua. Mlima unatuonyesha uweza. Kama mwenye uweza huo anatupenda, mlima hausemi.

Jambo hili si la darasani tu. Katika safari zetu za usharika huenda yumo mama aliyemzika mtoto wake mwaka huo huo. Wenzake wanaimba, yeye anatazama maji, kimya. Tukimwambia, "Tazama, mama, Mungu ni mwema," anaweza kutuuliza, "Aliyeweza kufanya haya yote, alishindwaje kumponya mwanangu?" Swali hilo ni la haki, tusimkemee. Ziwa halina jibu lake. Tulicho nacho cha kumpa ni Kristo, aliyelia kaburini kwa Lazaro, kisha akafa yeye mwenyewe, akafufuka. Hata mwandishi wa Zaburi ya 121, baada ya kuitazama milima, hatafuti msaada kwayo, bali kwa Bwana aliyeumba mbingu na nchi.

Basi tuache kupanda? La, wapendwa. Tupande, tena tushukuru kwa sauti. Ila shukrani yetu tusiigeuze kuwa hoja ya kumnyamazisha aliyefiwa. Mwendo wetu uwe wa yule anayechoka mapema, asiyeweza kuimba asilazimishwe, na mmoja wetu akae karibu naye bila maneno mengi. Tukishashuka, tumtembelee nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Huko hakuna mandhari ya kutusaidia, na hapo ndipo tutakapohitaji kumhubiri Kristo aliyesulubiwa.