Wema Usiobisha Hodi

Kila mwenye simu iliyozeeka ana mbinu zake za kuitunza chaji. Mimi hupunguza mwangaza wa skrini, maana skrini ni mlaji mkubwa. Huzima data nisipokuwa na haja nayo, huzuia programu zisijiendeshe chinichini, na siiachi simu juani, kwani joto huizeesha betri. Kila mbinu ina bei yake: natoa kitu ili nipate muda. Sioni tatizo na bei hiyo, kwa sababu ninayeilipa ni mimi, na ninaijua.

Sasa mtu mwingine akinilipia kwa mfuko wangu mwenyewe, kwa faida yangu, bila kuniambia, je, huo bado ni wema?

Swali hili lilipata kisa chake mwaka 2017. Januari ya mwaka huo Apple ilitoa toleo jipya la programu ya iPhone. Betri ya lithiamu ikichakaa hushindwa kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo; prosesa ikiidai nguvu hiyo, simu huzima ghafla ingawa inaonyesha kuwa chaji ingalipo. Dawa ya Apple ilikuwa kupunguza kasi ya simu zenye betri chakavu ili zisizime. Wenye simu hawakuambiwa kwamba kasi ingepungua. Waliona tu simu zimekuwa nzito. Desemba ikabainika kwamba betri ikibadilishwa, kasi inarudi. Kampuni ikakiri, ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja.

Utetezi wa Apple si wa kupuuzwa. Anayemtafuta dereva wa bodaboda saa nane usiku ili amwahishe mgonjwa hahitaji simu yenye kasi. Anahitaji simu inayowaka. Ningeulizwa, huenda ningechagua vivyo hivyo. Wahenga nao walisema nia njema ni tabibu.

Lakini hata tabibu huuliza kabla ya kupasua. Babu yangu alipougua mara ya mwisho, wakubwa nyumbani waliafikiana asiambiwe ugonjwa wenyewe, asije akavunjika moyo. Nia yao siitilii shaka, walimpenda. Naye akaendelea kuzungumzia msimu ujao wa mpunga, akiahirisha kuwagawia watoto wake shamba mpaka apate nafuu. Alifariki bila kuligawa. Siku zile zilikuwa zake. Angejua zilivyokuwa chache, labda angezitumia vingine, labda vilevile; ila uamuzi ungekuwa wake.

Hapo ndipo ninapoliona kosa. Anayefichwa jambo hupoteza njia zilizokuwa wazi mbele yake, na hajui kuwa amezipoteza. Mwenye simu nzito asiyeijua sababu hudhani simu imekwisha, akajikamua anunue nyingine, ilhali betri mpya ingetosha. Na kwetu, ambako simu nyingi hupita mikono miwili au mitatu, kutojua huko huuzwa pamoja na simu.

Kinachonishangaza ni kwamba kuuliza hakukuwa kugumu. Tangu mwaka 2015, iPhone ikishuka hadi asilimia 20 humuuliza mwenyewe kama anataka kuwasha hali ya kuokoa chaji. Swali fupi, jibu la kugusa mara moja. Mwaka 2018 Apple ikaongeza ukurasa unaoonyesha afya ya betri, pamoja na uwezo wa kuukataa ule upunguzaji wa kasi. Betri ilibaki chakavu vilevile. Aliyebadilika ni mwamuzi.

Wanaotutunza ni wengi: wazazi, madaktari, serikali, na sasa simu zinazojifunza saa tunazolala ili chaji isubiri kwenye asilimia 80 mpaka karibu na alfajiri. Sina ugomvi na kutunzwa. Ninachodai ni hodi tu. Hata jirani anayekuja na sinia la chakula hubisha hodi, akangoja mlangoni mpaka aitikiwe.