Mcheza Kwao Hutunzwa

Hivi karibuni jirani yetu wa Mabatini alituomba tumsaidie kumtafuta mwanawe, ambaye tangu asubuhi hakuonekana nyumbani. Tulimkuta katika kibanda cha gemu, amebanana na wenzake kwenye benchi, macho yote kwenye televisheni. Walikuwa wakicheza kandanda ya PlayStation. Tulimwita jina lake, hakugeuka. Mwenzake akatuambia, "Shikamoo, Mwalimu. Hapa huyu ni Samatta." Tukaita "Samatta!" Akageuka mara moja.

Tulirudi nyumbani na swali. Je, kijana anayejitwalia jina na sifa za mtu mwingine mchezoni anajidanganya? Anaikimbia nafsi yake? Wako wazazi wasemao kwamba gemu ni kazi ya shetani, na wako wasemao kwamba ni utoto tu, utapita. Twaona majibu yote mawili yametolewa kwa haraka.

Kwanza tukumbuke kwamba kujivika nafsi nyingine mchezoni hakukuletwa na umeme. Hapa kwetu Usukumani Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, na sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Bujora. Mtu ambaye jana alikuwa akipalilia mihogo, leo anacheza na nyoka mbele ya umati naye ni shujaa. Tena mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea Afrika Mashariki ngoma ya beni. Askari, makarani na watumishi wa nyumbani walivaa sare, wakapeana vyeo vya mfalme na jenerali, huku mabwana zao wakiwaita "boi". Hatuwezi kusema watu wale walikuwa waongo. Walikuwa wakisema, "Sisi ni zaidi ya hayo mnayotuita."

Lakini iko tofauti. Mcheza ngoma alionwa na watu wake. Walimshangilia, wakamtuza, naye akarudi nyumbani na sifa yake. Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa kibandani hushinda mahali ambapo baba na mama hawamwoni. Akifika nyumbani, ushindi wake hauna maana, na jina linalomngoja ni lingine. Huyu tunayemsema hakufaulu mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku hiyo nyumbani huitwa "yule aliyefeli". Basi ni nani kati yetu asingependa kuwa Samatta?

Hapa hatuna budi kuungama. Zamani tukifundisha tuliwaketisha watoto kwa kufuata alama, na wa mwisho tulimwita "mkia". Mmoja wao akawa mtoro. Tulimfuata tukamkuta ziwani akibeba ndoo za dagaa, na wavuvi wakimwita "kapteni". Tulimrudisha darasani kwa fimbo. Hatukujiuliza hata siku moja kwa nini kule alikuwa kapteni na kwetu mkia.

Hatusemi kwamba gemu haina madhara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuuweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu kuliko mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona inamharibia maisha. Mwenye hali hiyo anahitaji msaada wa waganga, wala si matusi.

Tena vijana yafaa tuwaambie ukweli. Mbwana Samatta alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk kabla ya kujiunga na Aston Villa Januari 2020. Tarehe 1 Machi mwaka huo akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi. Jina lile lilipatikana kwa jasho la miaka mingi, si kwa kidole gumba. Jina la kuazima laweza kumpumzisha mtu, lakini halimkuzi. Linalomkuza ni lile analolifanyia kazi mbele ya watu wanaomjua.

Juzi tulirudi kibandani, tukamwomba kijana yule atufundishe. Tulifungwa mabao 7 kwa bila. Hata hivyo alituelekeza kila kitufe taratibu, akarudia tulipokosea, wala hakutucheka. Sisi tuliokaa darasani miaka mingi tulimtambua mwalimu. Tulipomweleza mama yake, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo silijui."

Wazazi wapendwa, mwana mpotevu alirudi akiwa tayari kuhesabiwa miongoni mwa vibarua, lakini baba yake alimwita mwana. Leo jioni kijana wako akiingia mlangoni, kabla ya kumwuliza alikokuwa, mwite kwa jina ulilompa. Kisha muulize, "Umeshinda?" Nawe ukae usikilize mpaka amalize.