Mtoto Akishakariri Mstari, Kisha Nini?



Neno la wiki hii lilitoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale Musa anapowaagiza Waisraeli wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Sote tuliitikia amina. Baada ya ibada mama mmoja akasema kwa furaha kwamba mtoto wake wa miaka minne ana mistari kumi na miwili kichwani. Mama mwingine akamuuliza, "Na anaelewa mingapi?" Watu wakacheka, wakaenda zao kunywa chai. Mimi nimebaki na hilo swali wiki nzima.

Maana tukiliuliza kwa ukamilifu wake ni swali zito: tuna haki gani ya kumtia mtoto mdogo mdomoni maneno ambayo hajayaelewa wala hajayachagua? Wako wanaosema, na wengine wao ni watu wa kanisani kabisa, ati tumwache mtoto akue kwanza, atachagua mwenyewe. Inasikika vizuri, lakini hakuna mzazi anayefanya hivyo kwa kitu anachokithamini. Hatungoji mtoto afike miaka 18 ndipo tumpe lugha, jina au ukoo. Na mtoto asiyepewa neno nyumbani hakai bila neno. Atalipata kwa simu, kwa televisheni, kwa stendi. Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na kabla yake imani hiyo ilikuwa kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo tuwape watoto Neno. Hapo sina shida.

Shida yangu inaanza baada ya mtoto kusema mstari mbele ya kanisa, tukapiga makofi, tukakaa chini kana kwamba kazi imeisha.

Mwangalie Samweli. Amekaa hekaluni tangu alipoachishwa kunyonya. Anavaa naivera ya kitani, anafungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi. Kwa lugha yetu, huyu ni mtoto wa kanisa kamili. Lakini 1 Samweli 3:7 inasema wazi kwamba Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana. Na sura moja nyuma tunasoma habari za wana wa Eli, Hofni na Finehasi, wanaume wazima, makuhani, waliokulia humo humo na kuzijua taratibu zote za madhabahu. Nao pia hawakumjua Bwana. Mazingira yaleyale, maneno yaleyale. Usiku ule Samweli alipoitwa akakimbilia kwa Eli mara tatu, yule mzee (ambaye kwa mambo mengine ya malezi hatumsifu) alifanya jambo moja zuri. Alimfundisha la kujibu, kisha akamrudisha kitandani. Hakwenda kumjibia.

Tena tukumbuke kwamba katika Mathayo 4 aliyekariri Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu alikuwa Ibilisi.

Hapa Isiolo tunaishi na majirani ambao hawafanyi mchezo na kukariri. Alfajiri unasikia watoto wa duksi wakirudia aya, kila mmoja na ubao wake. Nimesikia Wakristo wakidharau, ati wale watoto wanakariri Kiarabu wasichokijua. Haya, mwite wa kwako aliyekariri Zaburi ya 23 umuulize gongo ni nini. Biblia tunayotumia wengi, ile ya Muungano, ilitoka 1952 katika Kiswahili kizuri sana, lakini mtoto wetu nyumbani anasema Kiturkana, Kiborana, Kisamburu au Kimeru, na huko nje anasema hiki Kiswahili chetu cha mjini. Neno gongo kwake ni Kiarabu pia. Biblia ya Kiturkana ipo, ya Kiborana ipo, ya Kimeru ipo. Mzazi anaweza kumsomea mtoto mstari uleule kwa lugha anayoota nayo usiku. Sijui ni kwa nini tunaona kama si kiroho ukisomwa hivyo.

Sasa nije kwa mchezo, ambao wengi wetu tunauhesabu kama kitu cha kuwatuliza watoto mahubiri yakiendelea. Mtoto wa huku, hasa aliyetoka upande wa malisho, anajua mchezo mmoja bila kufundishwa na mtu. Anaokota mawe madogo, meupe ni kondoo, ya rangi mchanganyiko ni mbuzi, yale makubwa ni ngamia. Anazungusha vijiti vya miiba, hiyo ni boma. Anachunga. Mtoto kama huyo ukimsomea Zaburi ya 23 halafu ukamwachia mawe yake, usiondoke. Kaa uangalie.

Nilikaa hivyo mara moja na watoto wa darasa dogo. Mmoja, msichana wa miaka mitano hivi, alipeleka mawe yake majini. Maji yalikuwa kipande cha nailoni ya buluu. Akayanywesha vizuri. Kisha akaanza kuyalaza ubavu, moja moja. Nikamuuliza wamelala? Akaniambia, "Wamekufa. Mvua haikuja." Alipomaliza kuyalaza yote akauliza, "Mchungaji alikuwa wapi?"

Wapendwa, ninyi mnaikumbuka ile miaka. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mizoga ikajaa kando ya barabara ya Marsabit, na familia ambazo hazijawahi kuishi mjini zikaja kujenga pembeni mwa mji. Mtoto yule alikuwa na mstari kichwani kuhusu mchungaji na majani mabichi, na alikuwa na kumbukumbu ya mbuzi wa nyumbani kwao. Mchezo ndio ulioviweka pamoja mchangani. Kama tungemwambia asimame, aseme mstari, akae, angeusema bila kosa, na tungemwandikia amefaulu. Swali lake lingekwenda naye nyumbani, na pengine lingekaa ndani yake mpaka afike miaka 20 ndipo liondoke naye kanisani.

Sikuwa na jibu la haraka la kumpa, na nafikiri ni vizuri hivyo. Tulikaa. Mtoto mwingine akasema mchungaji naye alikuwa na kiu. Mwingine akaleta mawe yake akampa yule msichana mawili, aanze upya. Sasa mimi niseme nini hapo? Hilo la kumpa jirani mnyama aanze upya ni desturi ya wafugaji wa huku tangu zamani, na hakuna mwalimu aliyelitaja siku hiyo.

Ukirudi kwa Musa utaona kwamba Torati yenyewe inamngoja mtoto aulize. Katika sura hiyohiyo ya 6, mstari wa 20, imeandikwa juu ya siku ambayo mwanao atakuuliza maana ya amri hizi. Kutoka 12:26, watoto watauliza kuhusu Pasaka. Yoshua 4, mawe kumi na mawili yanatolewa mtoni Yordani na kupangwa, na sababu inayotajwa ni kwamba watoto waje waulize, haya mawe ni ya nini? Mungu aliweka mawe mahali ambapo mtoto atayaona na kuuliza. Sisi tunaweka mtihani.

Naye Bwana Yesu alikuwa akiangalia watoto wakicheza, maana katika Mathayo 11 anatumia mfano wa watoto sokoni wanaoigiza, mara harusi, mara matanga, na wenzao wanakataa kuingia mchezoni. Mtu hawezi kutoa mfano huo kama hajawahi kusimama akatazama. Na Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu uliorejeshwa, 8:5, aliona njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Siku moja angalia pia watoto wetu wakicheza kanisa. Mmoja ana kijiti, hiyo ni maikrofoni. Anapaza sauti, anafoka, anaweka mkono kichwani kwa mwenzake na yule anaanguka chali. Mwingine anapita na kikombe kukusanya sadaka. Tunacheka, na kweli inachekesha. Lakini huo ndio muhtasari wa mahubiri yetu jinsi ulivyowafikia. Sijaona bado katika mchezo huo mtoto anayeigiza kumtembelea mgonjwa, au kumwomba mwenzake msamaha. Pengine hawajatuona tukifanya hivyo mara nyingi vya kutosha, maana mtoto haigizi asichokiona.

Jambo la switi nalo lisemwe. Nchi nzima sande skul inaendeshwa kwa switi: sema mstari, upate moja. Najua linasaidia, najua walimu wetu wanajitolea na wana watoto arobaini chumba kimoja. Ila mtoto ana akili ya biashara mapema. Akilipwa kwa kila mstari anajifunza kwamba Neno ni kitu cha kuuza, na siku switi zikiisha duka linafungwa. Kisha yuko yule mgeni, familia imehamia majuzi, Kiswahili hakijui, au ana kigugumizi. Anasimama, darasa lote linamngoja, anarudi kukaa bila switi. Huyo amefundishwa nini juu ya Yesu asubuhi ile? Katika Marko 10 Bwana aliwakasirikia wanafunzi wake kwa kuwazuia watoto, akawakumbatia, akawabariki. Hatusomi kwamba aliwauliza mstari. Kama kuna switi, zigawiwe wote mwishoni, kwa sababu ni Jumapili.

Zito zaidi ni woga. Wako watu wazima wanaotumia moto wa jehanamu kama fimbo ya kumlaza mtoto. Naamini hukumu ipo, kanisa letu linaifundisha, na sina nia ya kuificha. Lakini mtoto wa miaka minne hawezi kuipima habari hiyo, anaweza kuiogopa tu, na mtoto aliyezoea kutii kwa woga atamtii yeyote anayemtisha kwa jina la Mungu. Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua makaburi ya Shakahola, kule Malindi, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na mingi ilikuwa ya watoto. Watu walifunga hadi kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Waliokuwa wakihubiriwa huko walikuwa na Biblia mikononi, na walisikia mistari. Sisi Wapentekoste hatuwezi kusema hayo ni mambo ya wengine yasituhusu. Mtoto ambaye kanisani kwake anaruhusiwa kuuliza "mchungaji alikuwa wapi?" ana kinga fulani ambayo mtoto wa kukariri na kunyamaza hana. Ni kwa ajili ya hiyo kinga naandika haya yote.

Neno moja juu ya majirani. Watoto wetu wanacheza kati na brikicho kwenye uwanja mmoja na watoto wa duksi, jioni baada ya shule, mpaka mama zao waanze kuita. Nimesikia mtoto akimrushia mwenzake mstari kama jiwe, na sidhani aliutoa kichwani mwake; ni sisi tuliompa ukiwa umeshanolewa. Tuwe macho. Biblia yenyewe ya Kiswahili haikuanza kwa kurushiana mawe. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyeketi naye kumsaidia lugha alikuwa kadhi wa mji, Mwislamu. Ningependa watoto wetu wacheze uwanjani kwa namna ambayo mama wa mtoto mwingine hatajuta kuwaona mlangoni kwake.

Kwa wazazi wanaouliza wafanye nini nyumbani: mstari mmoja kwa mwezi unatosha mtoto aliye chini ya miaka sita. Usomeni kwa lugha ya nyumbani kwanza. Kisha mpe mtoto vitu vya kuuchezea, usimnunulie: mawe, vizibo vya soda, kitambaa, majivu baridi. Acha aupange anavyotaka, hata akimfanya Goliathi kuwa mama yake. Baba naye akae chini, suruali itafuliwa. Swali likija usilikimbilie na jibu, na kama huna jibu, mwambie mtoto kwamba mtaliuliza pamoja katika maombi ya jioni, halafu kweli mliulize, kwa sauti, na yeye akisikia.

Darasa la watoto litakuwa chini ya mti nyuma ya kanisa Jumapili hii, saa tatu, si ndani. Walimu wanaomba kila mzazi aje na mawe kumi na mawili madogo, na kiti chake cha kukalia.