Malaika Alianza na Mkate

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1-21

Kwa wale ambao shifti za maua ziliwazuia kufika Jumapili, huu ndio ujumbe kwa ufupi. Msome, kisha mfikishie mwalimu mmoja unayemjua.

Wacha nianze na kosa langu. Kabla sijaingia kwenye huduma, nilipomaliza tu digrii ya biashara, niliajiriwa na bodi ya shule moja ya bweni kufundisha mihula miwili. Jina la shule silitaji. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akilala darasani kila siku. Nilimsimamisha nyuma ya darasa. Nilimwandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Siku moja hata nilimwekea mkono kichwani, nikakemea roho ya uzembe. Alisema "Amina," akarudi kulala.

Kumbe mpishi alikuwa ameona kwamba msichana huyu anarudisha sahani ya githeri bila kuigusa. Soja wa lango naye alikuwa amemwona akimpa rafiki yake sweta na seti ya jiometri, akimwambia hazihitaji tena. Jioni moja alifika langoni peke yake. Yule mzee hakumfokea. Alimwambia, "Kaa hapa na mimi kidogo msichana wangu, chai iko karibu kuiva." Akamsikiliza mpaka matroni akafika. Baba yake alikuwa amefariki wakati wa likizo, na yeye alikuwa ameamua kwamba hataiona asubuhi.

Alipelekwa hospitali, akapata msaada. Leo yuko hai, na ni mama. Namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala. Mimi mwenye digrii, niliyekuwa mbele yake kila wiki, sikuona kitu. Mpishi na soja waliona, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia wapeleke wapi kile walichokiona.

1. Mungu alimwangalia Eliya kabla ya kumtuma

Tunapenda kuhubiri sura ya 18, moto ukishuka Karmeli na manabii 450 wa Baali wakiaibika. Sura ya 19 tunaipita haraka. Lakini ni nabii yuleyule. Tazama dalili zake: ameogopa, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba na kwenda jangwani peke yake, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Mtu anayejitenga, anayelala kupita kiasi, anayesema amechoka kuishi. Mwalimu aliyefundishwa angezitambua dalili hizo hata kwa mtoto wa Gredi ya 7.

Malaika alipokuja hakuuliza, "Imani yako iko wapi?" Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akarudi mara ya pili na chakula, akakubali kwamba safari ilikuwa nzito kuliko nguvu za Eliya. Mahubiri yalikuja baadaye sana, baada ya siku 40 za kutembea.

2. Mungu aliuliza, kisha akasikiliza

Kule Horebu Mungu anamuuliza Eliya anafanya nini pale. Anauliza mara mbili. Eliya anajibu maneno yaleyale mara mbili, na Mungu hamkatizi. Jamani, ni mzazi gani, ni mchungaji gani kati yetu anaweza kusikiliza lalamiko moja mara mbili bila kuingiza mstari wa Biblia katikati?

Watu wengi wanaogopa kumuuliza kijana, "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wanadhani wakiuliza watampandia wazo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema kumuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Tena hapa Kenya tulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeacha kumwita mgonjwa mhalifu, kanisa lisiendelee kumwita mwenye mapepo kabla hata halijamsikiliza.

3. Mungu alimuunganisha na mwenzake

Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu akamwambia kuna 7,000 wengine, kisha akamtuma kwa Elisha aliyekuwa akilima na ng'ombe. Uponyaji wake uliendelea kupitia mtu.

Kuna mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011. Kiini chake ni maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Nilipoyasikia mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu yamo yote kwenye 1 Wafalme 19. Mafunzo ya walimu yanahusu hayo hasa. Hayamfanyi mwalimu kuwa daktari. Yanamfundisha kuona mapema, kuuliza kwa upole, kutoahidi siri asiyoweza kuitunza, na kujua ampeleke mtoto wapi na lini.

"Lakini Pastor, si tuombe tu?"

Tuombe. Mimi huomba kila asubuhi. Lakini ukivunjika mguu huko Karagita, tunakuombea ukiwa kwenye gari la kwenda hospitali. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya vijana 4 kati ya 10 nchini, wa miaka 10 hadi 17, walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Hesabu watoto kwenye benchi lako, kisha ufikirie.

Na mafunzo yanasaidia. Jirani zetu wa Arusha walijaribu: walimu wa sekondari walifundishwa, wakapimwa kabla na baada. Ujuzi wao ulipanda, unyanyapaa ukashuka. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba walimu wenyewe walikuwa tayari zaidi kutafuta msaada kwa ajili yao.

Hapo ndipo penye uchungu. Kwenye biashara tulifundishwa kuhesabu uchakavu. Kila mwaka unaandika gari limepungua thamani kiasi gani, na unatenga pesa za matengenezo. Kwa mwalimu hakuna anayeandika chochote. Wengine wanaofundisha mjini humu leo walikuwa wanafunzi Januari 2008, wakati Naivasha ilipomwaga damu ya majirani. Nani aliwahi kuwauliza waliona nini? Maji ya ziwa yalipoingia Kihoto, baadhi ya watoto walikuja shule wakiwa hawana pa kulala. Kila mwaka kabla ya Februari 14, wazazi wanakesha wakifunga maua ya wapendanao wa Ulaya, na mtoto anarudi kwa nyumba isiyo na mtu. Mizigo hiyo yote inaangushwa kwenye meza ya mwalimu saa mbili asubuhi. Naye Eliya huyo anahitaji mkate.

Tunachoombwa kufanya

Wazee wamekubali kutoa ukumbi Jumamosi mbili za likizo ya Agosti. Tunataka kualika shule zilizo karibu nasi, na mwaliko uwe kwa wote: walimu, wapishi, masoja, matroni, madereva wa basi na makarani. Wakufunzi wawe watu waliosomea kazi hiyo, si mimi.

Gharama ipo. Tumekuwa tukichangia spika mpya. Nimewaomba wazee tuzisimamishe kwa sasa na pesa hizo ziende kwa mafunzo. Najua hili halijawapendeza wote, na wengine wameniambia waziwazi baada ya ibada. Nawashukuru kwa kusema. Lakini nauliza: sauti yetu ikisikika mpaka barabarani, na mtoto wa jirani akakosa mtu mmoja wa kumsikiliza, tumehubiri nini?

Na wewe unayesoma hili ukiwa chini ya mretemu wako, usijitenge. Njoo ofisini, au zungumza na mtu wa hospitali. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Hutahukumiwa hapa.

Sala: Baba, utusamehe tulipokemea mahali ulipotaka tulishe. Wape walimu wetu macho ya kuona na masikio ya kusikia, na uwape wao pia wa kuwasikiliza. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani katika familia yako ameanza kujitenga, nawe umemwita mvivu?
2. Eliya alilishwa mara mbili kabla ya kuulizwa swali. Wiki hii utamlisha nani?
3. Muulize mwalimu wa mtoto wako, "Wewe mwenyewe unaendeleaje?" Kisha nyamaza, umsikilize.