Fundi Asiye na Haraka: Mapango ya Amboni na Mtunzi wa Hadithi

Huku kwetu Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, kijana akisema anataka kutunga hadithi ushauri wa kwanza anaopewa ni asome sana. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Mimi humwongezea wa pili: nenda ukatazame. Akiniuliza atazame nini, humwambia aanze na sanaa asiyoielewa, sanamu au mchoro unaomwacha amesimama hajui la kusema. Na katika mkoa huu wa Tanga, sanaa ya namna hiyo iliyo kubwa kuliko zote haikuchongwa na mtu.

Mapango ya Amboni yako Kiomoni, kilomita 8 hivi kaskazini ya Tanga mjini, kando ya barabara iendayo Mombasa. Ni mwamba wa chokaa. Wataalamu wa miamba wanasema chokaa hiyo ilitanda chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Bahari ikajitenga, ardhi ikainuka, mvua ikashika zamu. Maji ya mvua, yakipita hewani na kwenye udongo, hubeba hewa ya kaboni na kuwa makali kidogo. Yakapenya kwenye nyufa, yakala mwamba polepole hata yakaacha kumbi na vichochoro ambavyo mtu mzima huvipita wima, na vingine hulazimika kuvipita kwa kutambaa. Hapo kazi ilikuwa ya kubomoa. Kinachonistaajabisha ni kwamba maji yaleyale yaliyobomoa ndiyo yaliyorudi kujenga.

Simama chini ya jiwe moja linaloning'inia darini, uwashe tochi, uisogeze karibu. Kwenye ncha utaona tone. Halina haraka ya kudondoka. Linavimba, linanasa mwanga, linatikisika, linatulia tena. Wakati limetulia huiachia hewani ile kaboni lililobeba, na maji yakishapoteza ukali wake hayawezi tena kuchukua chokaa yote. Kidogo hubaki nyuma, kikaganda pembezoni mwa tone, duara jeupe jembamba mno. Tone likianguka, duara limebaki. La pili linaongeza juu yake. Ndiyo maana jiwe changa huwa wazi katikati, jembamba kama mrija, maji yakishuka ndani yake. Kwa kawaida haliongezeki hata milimita moja kwa mwaka mzima. Nalo tone lililokwisha kuanguka halijastaafu: pale chini linajenga jiwe jingine linaloinuka kumwelekea mwenzake wa juu, mpaka wakutane na kuwa nguzo moja. Nguzo ya kimo cha mtu ni kazi ya maelfu ya miaka.

Subhana-Llah. Sanaa hiyo yote ilifanywa gizani, bila mtazamaji, bila taa hata moja. Kwa milenia na milenia hapakuwa na jicho la kuisifu, na bado haikukosewa. Sisi watunzi, ambao tukiandika kurasa tatu tunatafuta wa kutusomea tumwone atasema nini, tungekuwa na la kujifunza hapo hata kama mapango yasingekuwa na umbo moja la kuvutia.

Lakini maumbo yamejaa. Waongoza watalii wameyapa majina: huyu mamba, yule tembo, ile meli, hili kochi. Siwalaumu, mgeni amelipa kiingilio, anataka kuonyeshwa. Kwa mtunzi, hata hivyo, jina likitajwa mapema kazi yake imeharibika. Ukishaambiwa "tembo," hutaona kingine mpaka utoke nje. Mwombe kwa adabu: "Kaka, niache kwanza nitazame mwenyewe, kisha utanieleza." Halafu chagua jiwe ambalo halijapewa jina. Tuseme ni bonge lenye mabega mawili, kichwa hakuna, limeelemea upande mmoja. Ni mtu aliyeinama? Ameinama kuokota au kuficha? Kama ni kuficha, anamficha nani aliye nyuma yake? Ukifika swali la tatu umekwisha kuacha jiwe, uko ndani ya hadithi, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye hadithi hiyo.

Njia hii si ngeni. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, aliwashauri wachoraji wenzake wakodolee macho kuta zenye madoa na mawe ya rangi mchanganyiko, kwa sababu humo wangeona milima, mito, vita na nyuso za watu. Alijua kwamba akili ya mwanadamu imeumbwa hivyo, haiwezi kustahimili umbo lisilo na maana; ikikosa maana, inaitunga. Aliyetuumba ametutia kiwanda hicho kichwani bure.

Na tusisahau kwamba mkoa huu ndio uliomtoa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze, hadithi yake ndefu, msafiri anafika kwenye mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, kila mmoja pale alipokuwa. Sidai kwamba aliutoa mji ule Amboni. Kisa hicho kina ukoo na hadithi za Alfu Lela Ulela, na watunzi huazima bila haya. Ninachosema ni kwamba msomaji aliyepita katika kumbi za Kiomoni akisoma sura hiyo haoni tabu kuamini.

Mapango yenyewe nayo yana visa vyake vya kusimuliwa. Miongoni mwake ni vya Osale Otango na Paulo Hamisi, wanaosemwa kuwa walijificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Wapo wanaowaita mashujaa, wapo wanaowaita majambazi. Mtunzi mwenye akili hatachagua upande haraka. Kuna pia sehemu ya mzimu, ambako watu huacha sadaka zao na haja zao. Mimi jiwe siliombi, namwomba aliyelifanya. Ila mzimu ni mahali pa hadithi, hilo halina ubishi: Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliuweka katikati ya riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, na kutoka hapo mpelelezi wake, Bwana Msa, akajulikana pwani nzima.

Asiyeweza kufika Amboni hana udhuru mkubwa. Barabara ya Pangani kwenda Tanga inapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa ya kale yenye nguzo. Ukikaribia baadhi ya nguzo hizo utaona vishimo vya mviringo katika chokaa. Humo palipachikwa mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari kutoka mbali, yakakaa juu ya kaburi la mtu. Bakuli limekwenda, shimo limebaki na alama ya ukingo wake. Nani alikula chakula ndani yake kabla halijapandishwa kaburini? Nani alilibandua? Hilo shimo tupu lina hadithi nyingi kuliko bakuli zima ndani ya kabati la makumbusho.

Baharini hapohapo, tangu miaka ya mwanzoni ya 2000, wavuvi wamekuwa wakinasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na madinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga ikapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea na una madoa meupe, na madoa ya samaki mmoja hayafanani na ya mwingine, hata watafiti huwatambua kwa hayo. Muumba hakurudia mchoro hata kwa samaki anayeishi kilindini.

Na sanaa ya mkono wa mtu? Ipo, na mzizi wake mmoja umepita kwetu. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, ng'ambo hii hii ya Mto Pangani. Kutokana na hiyo yakaja mashamba makubwa ya mkoa mzima, na mashamba yakavuta vibarua kutoka kusini. Miongoni mwao, miaka ya 1950, alikuwamo kijana wa Tunduru aliyeitwa Edward Saidi Tingatinga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Jina lake likawa jina la mtindo. Wapo wanaoziona picha hizo kuwa za kuuzia watalii tu. Waache. Chukua moja, angalia jicho la mnyama, ujiulize amemwona nani nje ya fremu.

Basi kijana, safari ikiwezekana, vuka mto uende Kiomoni. Chukua tochi yako mwenyewe, viatu visivyoteleza, daftari na penseli, maana kalamu ya wino hugoma karatasi ikiwa na unyevu. Usivunje jiwe la kumbukumbu, wala usiandike jina lako ukutani kama walivyofanya wengi waliotutangulia. Na usiyaguse mawe yaliyo hai: mafuta ya kiganja yakibaki kwenye ncha, chokaa haishiki tena pale, na jiwe lililokuwa likikua tangu zamani hukoma.