Uso wa Mwanamume

Katika viungo vyote vya mwili, uso ndio unaojulikana zaidi na watu, na kujulikana kidogo zaidi na mwenyewe. Mtu huiona mikono yake afanyapo kazi, na miguu yake atembeapo, lakini uso wake hauoni ila kwa hisani ya kioo au ya maji yaliyotulia. Wengine wote huutazama kutwa, wakasoma ndani yake hasira, huruma, uchovu na umri. Kwa hiyo, msomaji, si swali la kipuuzi kuuliza kama mtu ana wajibu wowote juu ya uso wake.

Wanawake walikwisha kulijibu swali hili kwa matendo. Wanaume wengi wamelijibu kwa kicheko. Kijana wa kiume akionekana anajipaka mafuta usoni kwa uangalifu, huambiwa kuwa amekuwa bibi arusi. Nataka tukipime kicheko hicho tuone kina uzito gani, na mahali pa kukipimia pawe Isebania.

Isebania ni mji wa Kaunti ya Migori, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Ukivuka mpaka uko Sirari. Wakuria wanakaa pande zote mbili, na barabara itokayo Kisumu na Kisii hupita hapo kwenda Musoma na Mwanza. Mji wa namna hii huishi kwa kazi za juani: madereva wa malori wanaongoja karatasi zao, vijana wa bodaboda, wachukuzi wa mizigo, wakulima wa mahindi na tumbaku. Ikweta iko kiasi cha digrii moja tu upande wa kaskazini, na jua la hapo halina msimu wa kupumzika.

Sasa sikiliza habari ya dereva mmoja wa mbali. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake ngozi ilikuwa nene, imekunjamana, kama ya mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Upande wa kulia haukuharibika vile. Huko kwao dereva huketi kushoto, na shavu la kushoto ndilo lililoelekea dirishani. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mionzi ya urujuanimno, ile iunguzayo ngozi upesi, lakini huipitisha ile ipenyayo ndani zaidi, ambayo huharibu polepole nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi mahali pake. Madereva wa kwetu huketi kulia. Wakitaka kujua habari zao, na walitazame shavu la kulia.

Picha hiyo imenifikirisha kuliko hotuba nyingi. Mtu ni mmoja, chakula chake kimoja, usingizi wake mmoja, na miaka ni ile ile. Lakini mashavu yake yalitoa ushahidi uliopingana. Kumbe kitu tunachokiita uzee kina mafungu mawili. Fungu moja huletwa na miaka, wala hakuna awezaye kulikataa. La pili huletwa na jua, moshi na uzembe. Hili la pili tumelibandika jina la la kwanza, tukalisamehe bila ya kulihukumu.

Nimetaja moshi kwa makusudi. Sigara hukunja uso wa mvutaji kabla ya wakati wake, kwa kuwa hupunguza damu ifikayo katika ngozi. Tumbaku imelimwa katika nchi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali ya Kenya yalianzisha Migori mpango wa kuwasaidia wakulima kuiacha na kupanda maharagwe. Bei ya jani hilo haikumalizika sokoni. Sehemu yake hulipwa kwa mapafu, na sehemu ndogo kwa uso.

Yamkini utasema kuwa ngozi nyeusi haina haja ya kukingwa. Ni kweli kwamba weusi wake ni ngao, na mikunjo huchelewa kwetu kuliko kwa watu weupe. Lakini ngao si ukuta. Jua huleta mabaka, na rangi ya uso huacha kuwa sawa. Tena wako ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawakupewa ngao hiyo, na bila ya kinga saratani ya ngozi huwapata wangali vijana. Kwa ajili yao mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun yamekuwa yakitengenezwa Moshi, Tanzania. Amchekaye mwanamume kwa kujipaka mafuta, na amwendee kijana huyo amcheke yeye kwanza, kama moyo wake utamruhusu.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito. Katika jamii zetu uzee ni cheo. Wakuria wana baraza lao la wazee, inchama, na kijana hanunui kiti pale kwa fedha. Je, anayezuia mikunjo haonei haya umri ambao angepaswa kujivunia? Nimelifikiri jambo hili sana. Naona kuwa mzee huheshimiwa kwa yale aliyoyatenda na kuyaona katika miaka yake, na sijapata kusikia baraza lililohesabu mistari ya paji la uso kabla ya kumpa mtu nafasi ya kusema. Lakini nakubali kwamba iko namna ya kuutunza uso ambayo ni kuukimbia.

Mfano wake uko katika rafu za maduka. Chupa mbili huweza kusimama pamoja. Moja ni mafuta ya kuilinda ngozi. Nyingine ni mafuta ya kuichubua, yanayoahidi weupe. Ya kwanza humwambia kijana: uso huu unastahili kutunzwa. Ya pili humwambia: uso huu haufai, tafuta mwingine. Baadhi ya haya ya pili yamekutwa na zebaki, ambayo hudhuru figo. Na Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unapiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuiacha ngozi na weusi mbaya usioondoka. Chupa isiyoandikwa kilichomo ndani yake iache hapo hapo ilipo, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Utunzaji wa kweli ni mambo machache yanayorudiwa. Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Sabuni ya kufulia waachie mashati. Paka mafuta ngozi ikali na unyevu. Unyoapo ndevu, zilowanishe kwanza, tumia wembe mkali ambao ni wako peke yako, na ufuate zinakolala. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa kinyume hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, zikaleta vipele. Mjini Nambour, Australia, watu wazima walichunguzwa kuanzia mwaka 1992 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kinga ya jua kila siku, ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko za wale waliopaka walipotaka wenyewe. Tofauti ilikuwa katika neno hilo, kila siku.

Mafuta hayo ya kinga ni ghali kwa kijana asiye na mshahara, wala sioni sababu ya kumnyima mdogo wako daftari ili uyanunue. Anza na kofia yenye ukingo mpana. Hiyo hununuliwa mara moja ikadumu miaka, na hata mzee asiyetaka kusikia habari za mafuta huivaa shambani bila ya kuuliza kama ni mambo ya kike.